Taa Isiyotumia Mafuta

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi hapa Embu hakuna mtu anayekuja buchani kwangu kununua nyama tu. Kila mmoja anataka ratli mbili za mnofu na habari ya pipa. Juzi nilinogewa na maneno hadi nikamfungia maini mtu aliyetaka utumbo, naye akaondoka kimya kimya, mwizi yule. Basi nimekaa chini kuandika. Anayetaka kujua yaliyotokea na asome, au asomewe, aniache nikate nyama kwa amani.

Habari za pasi na mihuri nitaziruka. Sote tunaishi humu humu ndani ya imajensi, hii hali ya hatari ya vita vya msituni, na hakuna asiyejua kukaa kwenye foleni. Nianze na sababu ya safari yenyewe.

Mwanangu Mwanaidi anasomea ualimu kule Meru. Ili apewe cheti lazima afundishe somo moja mbele ya mkaguzi. Mara ya kwanza alitetemeka hadi akasahau alichokuja kufundisha. Akapewa nafasi ya pili, ya mwisho, na ndugu zangu wawili wakafurahi, maana tangu zamani wananiambia msichana hana haja ya chuo. Walikuwa wameshamtafutia mchumba, mzee mmoja mwenye duka lenye milango mingi kuliko meno yake. Nikawaambia: akishindwa safari hii, nitanyamaza na arudi nyumbani. Nililisema hilo kwa hasira, mnanijua, halafu nikakosa usingizi.

Somo alilopangiwa lilikuwa hili: jinsi viumbe vya baharini vinavyouona mwanga na kuuzoea. Awafundishe watoto wa Mikinduri, ambao hata ziwa hawajaliona. Mwanaidi akamtuma Mutiso, dereva Mkamba anayepeleka lori kati ya Meru na Nairobi, apeleke maneno kwa mjomba wake Athumani, shemeji yangu, muuza samaki wa Mombasa. Maneno yalipita kwa mdomo, kutoka kwa Mutiso hadi kwa mpishi wa garimoshi, kutoka kwa mpishi hadi sokoni. Yalikuwa mafupi tu: Mwanaidi anafundisha habari ya bahari na mwanga, na taa haiko, mjomba amsaidie.

Mjomba akasaidia.

Embu hadi Kanja

Lori la Mutiso lilisimama mbele ya bucha asubuhi. Nyuma, katikati ya magunia ya unga, palikuwa na mapipa mawili. Moja lilikuwa limekatwa nusu na kufunikwa gunia bichi.

"Baba Mwanaidi, taa ya msichana imefika," Mutiso akasema. "Lakini iko na shida. Lazima ipewe pumzi."

Nikafunua gunia. Nikaona maji, na chini ya maji mchanga. Nilipoangalia vizuri nikaona mchanga una macho mawili.

Mimi sikushangaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Pwani, na utotoni nilikula mchuzi wa taa mara nyingi. Kwa wasiomjua, taa ni samaki bapa, mpana kama sinia, mwenye mkia mwembamba wenye mwiba wa sumu. Hujifukia mchangani na kuacha macho tu juu. Huyu wetu alikuwa mdogo, kama sahani ya pilau, na Athumani alikuwa amemkata mwiba. Pipa la pili lilikuwa na maji ya bahari ya akiba, ya kumbadilishia yake yakichafuka. Nikajisemea, kumbe binti yangu ana akili hivi! Anataka kuwaonyesha watoto kiumbe chenyewe, kizima.

Mutiso alikuwa amempa pumzi njia nzima kwa kumwaga maji na kuyateka tena kwa kikombe. Nikaingia bucha, nikachukua pampu ya baiskeli yangu, nikafunga mpira mrefu mdomoni mwake, nikauzamisha. Mapovu yakapanda. Nyuma ya kila jicho la taa kuna tundu linalofumba na kufumbua anapopumua, na yale matundu mawili yalianza kwenda kwa nguvu. Nikafunga bucha na kupanda nyuma ya lori. Sikumwamini mtu mwingine na ile pampu.

Mvua ilitukuta kabla hatujafika mbali. Barabara ile mnaijua, udongo mwekundu unaoshika gurudumu na kukataa kuachia. Chini kidogo ya Kanja lori likateleza, likaingia mtaroni, likakaa. Nilimtukana Mutiso, nikaitukana mvua, nikamtukana na aliyevumbua milima. Mutiso alishuka, akaangalia magurudumu, akavunja kijiti akaanza kuchokoa meno.

"Hii itangoja jua," akasema.

Kungoja! Mimi, jamani, hata chai siingoji ipoe. Nimeunguza ulimi maisha yangu yote.

Kanja, chumvi

Bahati nzuri Kanja namjua Mama Wawira, mkulima anayeniuzia mbuzi. Anakaa katika kile kijiji kipya walichohamishiwa watu wote wa pale, nyumba zimebanana, handaki limezunguka pande zote, mlango mmoja tu wa kuingilia. Alikuja barabarani na wanawake wenzake, wakayabeba mapipa yetu kwa kamba za kichwani, huku wanaimba nyimbo za kanisani, mimi nyuma yao napiga kelele wasitikise.

"Ndani iko nini, Baba Mwanaidi?" akauliza.

"Hili moja ni taa ya Mwanaidi. Hili lingine ni maji ya taa."

"Sawa," akasema, na sawa hiyo ilinigharimu.

Pipa la taa aliliweka jikoni, mbali na moto, maana nilimwambia mwanga mkali unamsumbua. Pipa la maji likaachwa nje chini ya paa. Akanipa kuku na kisu. "Chinja wewe, ndiyo wote tukule," akasema, na nikachinja. Mutiso alishika pampu. Mimi nilikaa karibu na moto kukausha kanzu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na hasira na mtu.

Chakula kilipokuja, nilikula kama mtu aliyetoka jela. Njahi, yale maharagwe meusi ya huku, na ndizi zilizopondwa pamoja, mboga za kunde, mchuzi wa kuku. Nikamsifu mwenyeji wangu, na sikumdanganya.

"Mama Wawira, leo chumvi imekaa barabara."

Akacheka kwa furaha. "Chumvi si ni yenu! Dukani hapa haiko, tumekula bila chumvi mpaka tumesahau. Wanjuki ameonja ile maji ya pipa, akaita wengine, tukasema Mungu amekumbuka Kanja."

Nikatoka mbio, mkono bado una njahi. Wanawake walikuwa wamejipanga na vibuyu. Mbuzi walikuwa wanalamba ubavu wa pipa. Maji ya Bahari ya Hindi yalikuwa yanachemka katika kila chungu cha kijiji, na pipani yalibaki ya chini tu.

"Si nilikuambia ni maji ya taa!" nikapiga kelele.

Mama Wawira akanitazama kwa mshangao kabisa. "Lakini Baba Mwanaidi, taa haikunywangi maji. Taa ni mafuta. Nikajua hii maji ni ya kumwaga."

Nikamshika mkono, nikampeleka jikoni, nikafunua gunia. Akainama. Yale macho mawili yakamtazama kutoka mchangani, na Mama Wawira akaruka hadi mlangoni.

"Hii ni nyoka ya maji! Mmeleta nyoka kwa jikoni yangu, mnaita taa!"

Kijiji kizima kilikuja kuona. Walicheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni niliogopa. Bila maji ya akiba, taa hangeweza kukaa siku nyingi. Nilitaka kukasirika na sikuweza, maana kizee mmoja alikuwa amekaa chini anaramba mwiko, macho amefumba, na sijamwona mtu amefurahi vile kwa kitu kidogo.

Asubuhi jua lilitoka, tope likakauka. Wanaume walisukuma lori hadi barabarani. Mama Wawira alitufungia nduma za moto, yale magimbi ya huku, kwenye majani ya mgomba, akasali juu ya pipa kwa Kiembu, sala ndefu. Nilimwuliza amemwomba Mungu nini.

"Nimemwambia hiyo nyoka isikufe kabla ya msichana kupita. Akishapita, Mungu atajua mwenyewe."

Kutelemka Thuci

Pale barabara inapoteremka kwenda mto Thuci palikuwa na kizuizi, mti umelazwa katikati ya njia na homugadi, wale askari wa kienyeji wa serikali, wenye mikuki na bunduki. Mkubwa wao alikuwa sajini mmoja mwenye kofia kubwa iliyomshukia hadi nyusi. Nyuma ya lori turubai lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi, na ndani mlikuwa giza. Akachungulia.

"Kwa pipa umebeba nini, mzee?"

"Taa, afande."

"Taa ya nini?"

"Ya mwanangu. Ni mwalimu, anaitaka shuleni."

"Mafuta yake iko wapi?"

"Haitumii mafuta."

"Inatumia nini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Dagaa."

Homugadi wakatazamana. Sajini akasogeza kofia juu ili anione vizuri. "Wewe mzee, unacheza na sirikali?"

Mutiso akaona anisaidie. "Afande, taa iko mzima. Imelala tu. Iko chini ya mchanga."

Jamani, angenyamaza! Sajini alirudi nyuma hatua moja, akaanza kusema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya mtu mwenye bunduki ni mbaya kuliko kelele. "Mumeficha taa chini ya mchanga. Ndani ya pipa. Mnapeleka huko juu karibu na msitu. Nani anawasha hiyo taa huko, na anaonyesha nani?"

Hapo kicheko kiliniisha. Mnajua watu wamepelekwa wapi kwa makosa madogo kuliko hayo. Nilimfikiria Mwanaidi akingoja Meru, na baba yake amewekwa kizuizini kwa ajili ya samaki. Nikasema polepole, "Afande, njoo uangalie mwenyewe. Nakuomba tu usimshtue."

Akapanda na tochi yake. Nikafunua gunia. Akamulika.

"Hakuna kitu. Ni mchanga tu." Kisha akainama zaidi. Halafu akasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Mzee. Mchanga unaniangalia."

Hakuweza kutoka. Alikuwa amekwama kati ya magunia ya unga na pipa, na mkono wenye tochi ulikauka pale pale juu ya taa. Mimi nikainama kuona kama matundu bado yanapumua, ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, na macho ya wanyama nimeyatoa mengi katika kazi yangu. Jicho la taa lilikuwa limefunguka jeusi, pana, kwa sababu ya kukaa gizani. Ile tochi ilipoendelea kuwaka, kutoka juu ya weusi ule kikaanza kushuka kitu cha rangi ya mchanga, chenye ncha ncha chini kama matamvua ya pazia. Kilishuka taratibu sana. Kilishuka hadi weusi ukabaki vipande vidogo vidogo tu kati ya zile ncha. Alikuwa anachungulia kwenye nafasi za pazia lake, kama mke wa jirani yangu.

"Imefunga dirisha," sajini akanong'ona.

"Tochi yako ni kali, afande. Macho yake yamezoea chini ya bahari."

Akazima. Tukakaa gizani, yeye na mimi, tunasikia mto. Alipowasha tena baadaye, kwa kuficha mwanga na vidole, pazia lilikuwa bado linapanda. Alicheka peke yake. Akaniuliza kama anakula watu, nikamwambia hapana. Akaniuliza kama huko bahari wote wako hivi. Nikamwambia sijui, lakini binti yangu anajua.

Aliposhuka aliwaambia wenzake watoe mti. "Pita, mzee. Lakini mbele huko usiseme tena ni taa, watakufunga. Sema ni mnyama ya shule." Halafu akanisindikiza kwa macho hadi tukavuka daraja. Nilikula nduma zangu zote baada ya hapo, za hofu na za furaha pamoja.

Meru mjini

Tulipitia Chuka, tukapanda na kushuka yale mabonde hadi nikapoteza hesabu, nikipiga pampu mkono huu, nikipiga mkono ule. Pale Nithi tulikaa muda mrefu kungoja malori ya askari yapite. Tulipoingia Meru, maji ya pipa yalikuwa yameanza kunuka. Nilimwongezea taa maji ya mwisho ya akiba, yaliyonusurika vibuyu vya Kanja.

Mwanaidi alikuwa akingoja kwa binamu yangu, kule Majengo. Alitoka mbio, akanishika mkono, akaubusu.

"Shikamoo Baba. Taa iko wapi?"

"Marahaba. Hii hapa," nikasema kwa majivuno, na nikafunua gunia.

Akaangalia ndani. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena ndani. Kisha mwanangu akakaa kwenye ngazi ya lori na kuanza kulia.

"Baba, nilitaka karabai!"

Ndipo nilipoelewa. Taa ya chuo ilikuwa imepasuka kioo, na mafuta yakiwa adimu kila mwenye karabai aliishikilia yake. Alikuwa anataka taa kali ya kuwasha, aiweke nyuma ya chupa za maji ya rangi, awaonyeshe watoto jinsi mwanga unavyofifia kadiri bahari inavyokwenda chini. Na kosa lilikuwa letu wenyewe, sisi wa bara na Kiswahili chetu. Mpwani husema taa yuko, akiwa anataja samaki, na taa iko, akiwa anataja ya kuwasha. Sisi tunasema ng'ombe hii, mbuzi hii, hata mwalimu hii. Athumani anatujua. Alipoambiwa bahari, na kwamba taa haiko, alijua moja kwa moja ni watu wa Embu wanamtaka samaki kwa sarufi yao mbovu. Alikwenda kumtafuta aliye hai, maskini, na sijui alivyohangaika.

Nilikasirika na Athumani, nikamkasirikia Mutiso aliyebeba maneno. Mutiso akasema, "Mimi nilisema vile niliambiwa. Taa haiko, nikasema haiko."

Somo lilikuwa kesho yake. Mwanaidi alifuta machozi kwa ncha ya leso. Akasogea, akakaa karibu na pipa. Nikamwambia habari ya sajini, nikitumaini atacheka. Hakucheka. Nilipofika kwenye pazia, alinikatiza.

"Rudia hapo, Baba. Lilishuka kutoka juu au kutoka chini?"

"Juu."

"Na lilichukua muda gani?"

"Muda wa sajini kuogopa."

"Baba!"

"Ni muda mrefu, mwanangu. Mimi ningeshaondoka."

Akamtazama taa, taa akamtazama. "Basi tutahitaji mwanga mkali," akasema, "na tutahitaji kungoja." Aliposema hivyo nilisikia moyo ukinipanda, nikainuka kwenda kutafuta mpira mpya wa pampu ili asinione usoni.

Mikinduri

Siku ya soko Mikinduri ni kelele tupu. Wauza miraa walizunguka lori kabla halijasimama, mafurushi begani, mashavu yamejaa, wakataka kujua tunauza nini. Mutiso akawaambia ni mnyama ya shule, kama alivyofundishwa. Mmoja akauliza kama anatafuna. Wakatusaidia kubeba pipa hadi darasani, na kusema kweli hawakumwaga hata tone.

Mkaguzi alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuhesabu kila neno. Alikaa nyuma ya darasa, miguu pamoja, saa yake akiitazama tangu mwanzo. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati kama maharagwe guniani. Mimi sikutakiwa kuwamo. Nilisimama mlangoni na pampu, na nikasema mimi ni fundi wa pumzi.

Sauti ya Mwanaidi ilitetemeka alipoanza. Akaeleza kwamba bahari ina kina, na mwanga wa jua hupungua kadiri unavyozama, hata pakawa giza. Akaeleza kwamba wanyama wake hawana macho ya aina moja. Kuna chaza wanaofunga ganda kivuli tu kikiwapitia, na pweza anayebadili rangi ya ngozi afanane na mahali alipo. Watoto walimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Mkaguzi akatazama saa.

Kisha Mwanaidi akafunua gunia.

Dawati moja likaanguka. Wote walikuja, wakazunguka pipa, na kwa muda hakuna aliyeona kitu, hadi mtoto mmoja akapiga ukelele, "Mwalimu, mchanga iko na macho!" Ngozi ya taa na mchanga vilikuwa rangi moja kabisa. Wakamwona, wakarudi nyuma, wakaja tena.

Mbingu ya siku hiyo ilikuwa na mawingu mazito. Mutiso akaleta lori hadi mbele ya mlango, akalielekeza darasani. Akashika kioo chake cha kunyolea juu ya pipa, akakiinamisha, nami nikakimbia kuwasha. Taa za lori zikapiga kioo, kioo kikatupa mwanga pipani. Basi tukawasha taa, tukaangalia taa.

Hakuna kilichotokea.

Watoto walingoja. Mkaguzi akainuka, akaja, akainama, akaangalia. Jicho lilikuwa wazi, jeusi. Injini ilikuwa inanguruma na moshi unaingia darasani. Mkaguzi akageuza mkono kuona saa. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, nataka kusema bibi samahani, mnyama amechoka, njia ilikuwa mbaya, tumpe siku nyingine. Nilijua nikisema hivyo somo limekwisha, na bado ulimi ulikuwa unaniwasha.

Mwanaidi akaniangalia mara moja tu, nami nikafunga mdomo. Akawageukia watoto, na sauti yake sasa haikutetemeka.

"Ngojeni. Huku kwetu mtu anawasha taa ghafla, unafumba macho. Huko alikotoka hakuna anayewasha kitu. Jua linapanda polepole, na mwanga unamfikia kidogo kidogo. Jicho lake halijawahi kuwa na haraka, kwa sababu halijawahi kuhitaji haraka. Sisi ndio tutamngoja yeye."

Wakangoja. Darasa zima la watoto wa Mikinduri, na wauza miraa madirishani, na bibi wa Kizungu aliyeinama na kusahau saa yake. Na mimi.

Kisha pazia likaanza kushuka.

Msichana mdogo wa mbele ndiye aliyeona kwanza. "Inashukisha kitambaa!" Wakasukumana. Likashuka, ncha zake zikionekana moja moja, hadi weusi ukabaki matundu membamba. Mwanaidi akaomba kioo kigeuzwe, gunia likarudishwa kidogo, wakangoja tena, wakaona likipanda. Wakataka tena. Mkaguzi naye akasema, "Tena, tafadhali."

Mwanaidi alipomaliza, mkaguzi akauliza, "Mwalimu, mnyama huyu anaitwa nani kwa Kiswahili?"

"Taa, Bibi."

"Hapana, sikuuliza juu ya taa. Nimeuliza mnyama."

"Ni taa, Bibi."

"Taa ni ile ya gari."

"Ile ni taa. Na huyu ni taa."

Yule bibi alicheka hadi akatoa kitambaa. Akamshika Mwanaidi mkono, akasema kwa kuhesabu maneno, "Mwalimu amepita." Mimi nilikuwa nimeinamia pampu, nikaendelea kupiga upepo kwenye maji yaliyokwisha kujaa mapovu, machozi yananidondoka humo humo pipani. Angalau yalikuwa ya chumvi.

Alasiri, matundu nyuma ya macho yakaanza kuchelewa. Nilipiga pampu hadi Mwanaidi akanishika bega. Mutiso akaniambia kwa upole nimkate, samaki asipotee. Nimechinja tangu ujana wangu, lakini kisu changu siku hiyo sikukitoa. Watoto walimzika nyuma ya darasa, pamoja na mchanga wake wote wa Mombasa.

Tulikuwa tumezima injini tukasahau zile taa, na betri ya lori ilikuwa imekufa. Darasa likasukuma, na Mwanaidi katikati yao, leso imefungwa kiunoni, tope hadi magotini, anapiga kelele za kimwalimu. Lilipowaka nikamwambia Mutiso aendeshe polepole. Akanigeukia kama mtu aliyesikia pipa likizungumza.

Embu, nyongeza

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilipofika Embu nilimpa Mutiso ujumbe wa kupeleka kwa shemeji, nikaufanyia mzaha kidogo. Nilisema: mwambie Mwanaidi amepita, ila taa imezimika.

Jana lori likasimama tena mbele ya bucha. Mutiso akashuka amelowa, kifua mbele.

"Baba Mwanaidi, mjomba ametuma taa ingine. Hii nimeitunza mimi mwenyewe kutoka Nairobi. Nimeweka maji, nimenunua chumvi nikatia, na pampu nimepiga njia yote. Lakini hii ni kali, haitoki kwa gunia yake."

Ndani ya pipa, ndani ya maji ya chumvi, ndani ya gunia lililoshonwa, tulikuta karabai mpya.

Waliokuwepo bado wanacheka. Tuliifuta, tukaianika juani juu ya ubao wa nyama, tukakausha kila kitundu. Leo asubuhi nilitia mafuta kidogo. Karabai nayo haiwaki bila pampu, basi nikashika tena kazi yangu ya fundi wa pumzi. Ikakohoa, ikatema maji, ikanyamaza. Mutiso alitaka tuiache. Nikamwambia angoje.

Imewaka. Inaning'inia hapa juu ya kichwa changu mchana kweupe, katikati ya mapaja ya mbuzi, nami naandikia mwanga wake bila haja yoyote. Ndugu zangu walipita asubuhi, wakaiangalia, hawakusema neno juu ya mchumba. Nimekwenda kuomba pasi nyingine. Kuna mwalimu kule Meru ambaye bado hajapata taa aliyoiagiza.